Jinsi ya Kukodisha Pointi za Likizo Ulipie Safari ya Meli ya Familia

Pointi za taimusheya, yaani haki uliyonunua ya kulala kila mwaka kwenye hoteli za klabu ya likizo, hulipiwa ada kila mwaka, zitumike zisitumike. Mtu alizinunua akiwa Dallas au Minneapolis watoto wakiwa wadogo, akazitumia mara chache, kisha akarudi Nakuru kustaafu au kazi ikambana huko huko. Ada inaendelea kukatwa. Nyumbani Kisumu au Kakamega familia inasikia kuna pointi zimelala, na swali linakuja lenyewe: haziwezi kutulipia safari ya meli sote kwa pamoja?

Zinaweza. Ila njia inayoonekana rahisi, ya kuiambia klabu ibadilishe pointi ziwe chumba cha melini, karibu kila mara ndiyo inayopoteza pesa nyingi zaidi. Iliyo bora ni kumkodishia mtu mwingine pointi hizo alale hotelini, wewe uchukue dola zake, kisha ulipe meli kwa pesa taslimu kama mteja yeyote. Mifano mingi hapa ni ya Disney Vacation Club ya Marekani, kwa kuwa kanuni zake ziko wazi na soko la kukodisha pointi zake ni kubwa. Klabu nyingine hufanya kazi kwa mtindo huo huo, lakini tarehe na masharti yake hutofautiana, kwa hiyo soma mkataba wako.

Kwanza, jua kilichopo

Kama pointi ni za ndugu aliye ng'ambo, usianze kupanga safari kwa maneno ya simu. Mwandikie ujumbe wa namna hii:

"Kaka, habari za huko. Kabla hatujapanga lolote, naomba picha za vitu sita: pointi zako za mwaka huu, zile ulizoweka akiba na ulizokopa, mwezi ambao mwaka wako wa pointi huanza, jina la hoteli yako ya nyumbani, risiti ya ada ya mwaka huu, na ukurasa wa mkataba wenye majina ya wamiliki. Nywila usinitumie, utaingia mwenyewe."

Kila kimoja kina kazi yake. Mwaka wa pointi hauanzi Januari kwa kila mtu. Unaweza kuanza Aprili, Agosti au Desemba, na pointi za mwaka huo hufa siku mwaka huo unapoisha. Hoteli ya nyumbani, yaani ile ambayo pointi zako zilinunuliwa chini yake, ndiyo inayokupa haki ya kubuku mapema: kwa Disney ni miezi 11 kabla ya kuingia, ilhali hoteli nyingine za klabu unazifikia ikibaki miezi 7. Risiti ya ada inahitajika kwa sababu akaunti yenye deni hufungwa, na pointi zilizofungwa hazimbukii mtu yeyote. Majina ya wamiliki ni muhimu pale mkataba ulipoandikwa kwa jina la mume na mke ambao wameachana. Na kama mwenye pointi amefariki, simama hapo kwanza: mirathi ya huko ishughulikiwe kabla ya mtu kuahidiwa chumba.

Kisha uliza klabu inaruhusu nini. Disney humruhusu mwanachama kukodisha pointi zake kwa matumizi ya binafsi, lakini hukataza kuzifanya biashara. Kukodisha mara moja au mbili ili kulipia likizo ya familia ni jambo moja. Kukusanya pointi za watu na kuziuza mwaka mzima ni jingine, na akaunti inaweza kusimamishwa. RCI, kampuni ya kubadilishana likizo (unatoa yako, unapata ya mwingine) iliyoanzishwa mwaka 1974, ni kali zaidi: likizo uliyoipata kwa kubadilishana haikodishwi hata kidogo. Unaweza kumpa mgeni bure kwa cheti cha mgeni, lakini ukionekana umeichukulia pesa, inafutwa. Watu wengi huumia hapa kwa sababu wanachanganya pointi zao wenyewe na wiki waliyoipata kupitia ubadilishanaji.

Hesabu inayoamua

Gawanya bei ya meli kwa dola kwa idadi ya pointi ambazo klabu inadai kwa chumba hicho hicho. Jibu ndilo thamani ya pointi moja ukibadilisha. Tuchukulie chumba cha familia ya watu wanne kinauzwa dola 2,800, na klabu inataka pointi 330 pamoja na ada ya kushughulikia. Hapo kila pointi imekuletea kama dola 8 na nusu. Pointi hizo hizo zikikodishwa kwa dola 17 au 18, pointi 160 tu zinatosha kulipia chumba hicho, na 170 zinabaki mkononi.

Sasa toa ada ya mwaka. Kwa hoteli nyingi za Disney ni kati ya dola 8 na 11 kwa kila pointi. Mwenye pointi 200 akizikodisha kwa dola 18 anapata dola 3,600. Ada ikiwa dola 9, amelipa 1,800. Faida halisi ni 1,800. Kwa shilingi 129 kwa dola, anashika 464,400 mkononi lakini faida ni 232,200. Ziandike hesabu zote mbili kwenye karatasi moja, muione wote. Familia zimegombana kwa sababu aliye nyumbani aliona 464,400 na aliye ng'ambo alikuwa anafikiria ada aliyolipa mwenyewe. Kubalianeni mapema: ada inarudishwa kwanza kwa aliyeilipa, kinachobaki ndicho cha meli. Au ndugu aseme wazi kwamba ada ni mchango wake.

Aliyenunua pointi za Disney mkononi kwa mwanachama mwingine kuanzia tarehe 21 Machi 2011 hana haja ya kufanya hesabu ya kubadilisha. Pointi za namna hiyo haziruhusiwi kubadilishwa kuwa safari za meli. Kukodisha ndiyo njia yake pekee.

Pesa taslimu ina uzuri mwingine ambao watu wa kwetu wanapaswa kuupima sana. Pointi hukufunga kwenye meli ambazo klabu imekuchagulia, nyingi zikiondoka Florida, na familia inayotoka Kisumu inajikuta inalipa nauli ya ndege ya watu wanne na ada ya visa ya dola 185 kwa kila mtu, ambayo hairudishwi hata visa ikikataliwa. Mara nyingi ndege inazidi meli kwa bei. Ukiwa na dola taslimu unaweza kuchagua bandari ya karibu. Meli za kampuni ya MSC zimekuwa zikiondoka Durban wakati wa kiangazi cha kusini, kati ya Novemba na Machi, na tangu Januari 2023 Mkenya huingia Afrika Kusini bila visa kwa siku zisizozidi 90 kwa mwaka. Kama hakuna ndugu wa kuwapokea Marekani, tunapendekeza Durban iangaliwe kwanza. Florida ina maana zaidi pale familia ilipokuwa inakwenda kumtembelea mtu hata hivyo.

Kalenda ndiyo kazi yenyewe

Mpango huu huharibika mara nyingi zaidi kwenye tarehe kuliko kwenye bei. Kuna kalenda nne zinazopaswa kukutana: ya pointi, ya mgeni (yaani anayekodi pointi zako), ya kampuni ya meli, na ya shule za Kenya.

Anza na ya shule, maana hapo tuna bahati. Wanafunzi wetu hufunga mwisho wa Oktoba au mapema Novemba na kurudi Januari. Wiki mbili za kwanza za Desemba watoto wa Marekani bado wako darasani, hivyo meli huwa na nafasi na bei hushuka, kabla ya kupanda vikali wiki ya Krismasi. Tena msimu wa vimbunga vya Atlantiki, unaoanza Juni 1 na kuisha Novemba 30, unakuwa umepita. Likizo ya Agosti huangukia katikati ya vimbunga na kilele cha bei, iepuke. Upande wa mgeni mambo yamegeuka: Waamerika wanatafuta vyumba Machi, Juni, Julai na Krismasi. Kwa hiyo kodisha pointi zako wakati wao wanapozihitaji, na wewe panda meli wakati wao wako kazini.

Sasa hesabu kurudi nyuma. Tuseme meli inaondoka Desemba 5, 2027. Kampuni nyingi hutaka malipo ya mwisho siku 90 hadi 120 kabla ya safari. Chukua 120: ni Agosti 7, 2027. Pesa zote za mgeni lazima ziwe zimeingia kabla ya hapo, na mwezi mzima wa nafasi juu yake kwa sababu benki huchelewa. Hivyo mgeni anapaswa kuwa ameshaingia hotelini, yaani ameshamaliza kulipa, kufikia mapema Julai.

Mgeni anataka kuingia Juni 12, 2027. Miezi 11 kabla ni Julai 12, 2026. Siku hiyo ndiyo ya kubuku kwenye hoteli ya nyumbani, asubuhi ya saa za Florida, ambapo Kenya ni alasiri au karibu jioni. Vyumba vidogo vya studio huisha haraka kuliko vyote.

Zije pointi. Mwaka wako wa pointi ukianza Aprili 1, pointi za mwaka unaoanza Aprili 2026 zinakufa Machi 31, 2027, kabla mgeni hajafika. Zitamfaa tu ukiziweka akiba ziingie mwaka unaofuata, na Disney inakupa miezi minane ya kwanza ya mwaka wako kufanya hivyo. Kwa mfano huu mwisho ni Novemba 30, 2026. Desemba 1 umechelewa, na hakuna wa kukusaidia kwa simu. Pointi zilizowekwa akiba haziwekwi akiba mara ya pili, na zilizokopwa kutoka mwaka ujao hazirudi zilikotoka. Mgeni akighairi baada ya hapo, unabaki na pointi zenye saa inayohesabu. Kwa sababu hiyo, mkodishie mgeni kwanza pointi za kawaida za mwaka wa pointi atakaofika. Tumia za akiba kwa mgeni ambaye ameshalipa zote na hawezi kurudishiwa.

Tarehe hizi zote ziwe kwenye simu za watu wawili, si mmoja. Aliye ng'ambo akipata zamu ya usiku, aliye Nakuru amkumbushe.

Bei, na nani wa kumkodishia

Kila hoteli ina jedwali la pointi. Studio ya usiku mmoja mara nyingi hugharimu kati ya pointi 10 na 30 hivi, kulingana na hoteli, msimu na kile dirisha linachotazama. Mgeni hulipa kwa pointi, siyo kwa usiku, kwa hiyo fungua jedwali la mwaka anaokuja na ujumlishe usiku mmoja mmoja. Ijumaa na Jumamosi mara nyingi ni ghali kuliko siku za katikati ya wiki. Makosa ya kujumlisha pointi tano kwa dola 18 ni dola 90 zimeenda.

Una njia mbili. Dalali hukutafutia mgeni, huandika mkataba, huchukua pesa za mgeni, na hukulipa wewe sehemu kubwa chumba kinapothibitishwa, iliyobaki mgeni anapoingia. Mgeni hulipa labda dola 20 hadi 25 kwa pointi. Wewe hupokea pungufu, tofauti ndiyo ya dalali. Njia ya pili ni kumpata mgeni mwenyewe: kupitia vikundi vya wamiliki, kanisa la Wakenya huko, wanachama wa chama cha diaspora, wafanyakazi wenza wa ndugu yako. Unapata dola mbili tatu zaidi kwa pointi, na unabeba kila hatari.

Kwa familia inayoendesha jambo hili ikiwa Kisumu huku mwenye pointi yuko mbali, ushauri wetu ni dalali kwa mara ya kwanza. Tofauti ya dola mbili kwa pointi 200 ni dola 400, nazo ni bei ya kutokosana na mtu aliyelala hotelini Florida saa ambazo nyinyi mko usingizini. Mgeni wa moja kwa moja anafaa pale anapojulikana kwa jina na kwa watu.

Tambua dalali wa kweli kwa jambo moja: yeye ndiye anayekulipa. Akikupigia mtu usiyemtafuta, akasema ana mteja tayari wa pointi zako, na kinachohitajika ni ada ndogo ya usajili, kodi au bima kabla pesa hazijatolewa, huyo ni tapeli. Ulaghai huu si wa vijana wa mtaani tu. Mwaka 2023 Hazina ya Marekani iliwawekea vikwazo watu na kampuni za Mexico zilizowalaghai wamiliki wa taimusheya kwa niaba ya genge la dawa za kulevya la CJNG. Wanakuwa na jina lako, jina la hoteli yako, na idadi ya wiki zako. Kata simu.

Mkataba wa kukodisha

Hata mgeni akiwa binamu, andika. Ukurasa mmoja au miwili inatosha, ukitaja:

- majina kamili ya wageni wote kama yalivyo kwenye vitambulisho vyao, na umri wa watoto;
- hoteli, aina ya chumba, tarehe ya kuingia na ya kutoka, idadi ya pointi na bei ya kila pointi;
- tarehe za malipo: kwa mfano nusu kabla ya kubuku, na iliyobaki siku 60 kabla ya kuingia;
- nini kitatokea mgeni akighairi;
- nini kitatokea mwenye pointi akishindwa kutoa chumba;
- nani analipia uharibifu na vitu atakavyochukua kwa jina la chumba.

Kipengele cha kughairi ndicho cha kukazana nacho. Kwa kanuni za Disney, chumba kikifutwa zikiwa zimebaki siku 31 au zaidi, pointi hurudi kwenye akaunti ya kawaida. Zikiwa zimebaki siku 30 au chini, hurudi lakini zikiwa zimezuiliwa: zinaweza kubuku tu chumba kinachoanza ndani ya siku 60 zijazo, na mgeni wa ghafla wa namna hiyo ni vigumu kumpata. Kwa hiyo andika kwamba baada ya malipo ya mwisho hakuna kurudishiwa, na umshauri mgeni anunue bima ya safari. Usiahidi kurudisha pesa "kama ikiwezekana". Neno kama hilo kwenye ujumbe wa simu linaweza kutumiwa dhidi yako kwenye mzozo wa kadi ya benki.

Upande wako nawe ufungwe. Mgeni anastahili kurudishiwa kila senti kama akaunti imefungwa kwa deni la ada au kama mwenye pointi amefuta chumba. Mtu anayetuma dola 3,600 kwa asiyemwona anahitaji kusoma hilo kwenye karatasi, na ukiliandika bila kuombwa atakuamini haraka.

Mwambie pia mapema asichokijua: bei ni ya chumba peke yake, tiketi za bustani za burudani za Disney hazimo, na chumba hakisafishwi kila siku kama hoteli ya kawaida. Kwa wanaokaa chini ya usiku 8, takataka na taulo hushughulikiwa siku ya 4. Mgeni asiyeambiwa hulalamika, na malalamiko ndiyo huanzisha madai ya kurudishiwa.

Kubuku na kukabidhi

Mwenye akaunti ndiye anayebuku, akiandika jina la mgeni kama mgeni mkuu. Herufi ziwe sawa na kitambulisho. Umpe mgeni nambari ya uthibitisho, naye aiunganishe na akaunti yake kwenye programu ya hoteli. Akiiona pale na tarehe zake, amejua chumba kipo. Subiri akuandikie kwamba amekiona, uhifadhi ujumbe huo. Baada ya hapo usiguse chumba hicho kwa lolote bila maandishi yake, hata kama unataka kumsaidia kupata mandhari bora, kwa sababu kubadilisha aina ya chumba kunaweza kukiachilia cha kwanza kabla cha pili hakijapatikana.

Pesa kufika

Kama mwenye pointi anaishi Marekani, pesa ziingie benki yake huko na zilipe meli moja kwa moja. Kuzileta Kenya kisha kuzirudisha ni kulipa ada ya kubadilisha mara mbili. Ni kipato cha kutozwa kodi huko; ahifadhi mkataba na risiti ya ada ya mwaka, ambayo mhasibu wake ataihitaji kama gharama.

Mwenye pointi akiwa amerudi Kenya, mambo mawili yanabadilika. La kwanza ni kodi ya Marekani. Pango la mali iliyo huko likilipwa kwa asiye mkazi wala raia hukatwa asilimia 30 ya jumla, na Kenya haina mkataba wa kodi na Marekani wa kuipunguza. Kuna njia halali: kuchagua pango lihesabiwe kama kipato cha biashara ya Marekani, kumpa dalali fomu W-8ECI badala ya W-8BEN, na kuwasilisha ritani ya 1040-NR, ambapo ada ya mwaka hutolewa kwanza. Kwa pointi 200 tofauti inaonekana: asilimia 30 ya 3,600 ni dola 1,080, ilhali faida yote ilikuwa 1,800. Malipo ya mhasibu anayejua ritani za Marekani yanajirudisha hapa.

La pili ni njia ya kupokelea. Akaunti ya dola kwenye benki ya Kisumu au Nakuru ndiyo salama zaidi kwa kiasi hiki. Pesa hukaa kwa dola mpaka siku ya kulipa meli. Ukipitia PayPal na kuzitoa kwa M-Pesa, kumbuka kwamba M-Pesa huishia shilingi 250,000 kwa muamala mmoja na 500,000 kwa siku, na kwamba umeshauza dola zako kwa kiwango chao wakati utahitaji kuzinunua tena. Zaidi ya hayo, mteja wa PayPal ana siku 180 za kufungua malalamiko baada ya kulipa. Mgeni aliyelipa Januari na kuingia Juni anakuwa bado ndani ya muda huo. Usiombe alipe kwa njia ya kutumiana marafiki ili kukwepa hilo. Ni kinyume cha masharti yao na akaunti yako inaweza kufungiwa pesa zikiwa ndani.

Hundi usipokee. Mchezo ni wa kale: hundi inakuja ikiwa na kiasi kilichozidi, mgeni anaomba umrudishie ziada, kisha wiki mbili baadaye hundi inaruka.

Kulipa meli

Malipo ya awali ya meli yatoke kwenye akiba ya familia, si kwenye pesa za mgeni ambazo hazijafika. Chagua nauli ambayo malipo ya awali yanarudishwa mpaka siku ya malipo ya mwisho, hata ikiwa ghali kidogo; nauli za bei ya chini kabisa mara nyingi hupoteza malipo ya awali ukighairi, na mpango wenu unategemea mtu mwingine kulipa.

Bei ya tangazo haijumlishi kila kitu. Ongeza kodi na ada za bandari. Ongeza bakshishi ya wahudumu, kati ya dola 16 na 20 kwa kila mtu kwa usiku, mtoto akihesabiwa: familia ya wanne, usiku 4, kwa dola 16 ni 256. Intaneti, soda, pombe na matembezi ya bandarini hulipwa kando. Chakula cha kawaida kimelipiwa, chai na maji pia. Watoto wachanga hawapandi wakiwa chini ya miezi 6 kwa kampuni nyingi, na miezi 12 kwa safari ndefu za kukaa baharini siku kadhaa.

Fikeni mji wa bandari siku moja kabla, mbili ikiwezekana. Kutoka Kisumu kuna ndege ya kwanza hadi Nairobi, kisha moja au mbili zaidi, na meli haimsubiri mtu ambaye ndege yake imechelewa.

Hati, mapema kuliko mnavyodhani

Pasipoti zianze mwaka mzima kabla, kupitia eCitizen. Yenye kurasa 34 ni shilingi 7,550, na alama za vidole huchukuliwa bila kwenda Nairobi, kwenye ofisi za uhamiaji kama za Kisumu, Nakuru na Eldoret. Ziwe na miezi 6 ya uhai baada ya tarehe ya kurudi. Visa ya Marekani iombwe kabla ya malipo ya mwisho ya meli, na muangalie inaruhusu kuingia zaidi ya mara moja: meli ikitoka Florida kwenda Bahamas na kurudi, mmeingia Marekani mara mbili. Kila bandari njiani ina masharti yake kwa pasipoti ya Kenya. Chukua orodha ya bandari za safari yenu na uziangalie moja moja, kwa sababu kampuni ya meli itawazuia kwenye lango kwa kukosa hati ya bandari ambayo hamkupanga hata kushuka.

Cheti cha homa ya manjano, ile kadi ya njano, ndicho kinachosahaulika zaidi. Kenya iko kwenye orodha ya nchi zenye hatari ya ugonjwa huo, kwa hiyo Afrika Kusini na nchi nyingi za Karibi hukidai kwa anayetoka hapa. Kinaanza kutambulika siku 10 baada ya chanjo, na tangu Julai 2016 kinadumu maisha yote, hata cha zamani kilichoandikwa miaka 10. Angalia jina na nambari ya pasipoti kwenye kadi: pasipoti ikibadilishwa, beba na ya zamani. Mtoto wa chini ya miezi 9 kwa kawaida hachanjwi, kwa hiyo barua ya daktari inahitajika.

Mzazi anayesafiri na watoto bila mwenzake abebe vyeti vyao vya kuzaliwa na barua ya idhini ya mzazi mwingine iliyotiwa muhuri wa wakili. Shangazi au nyanya anayewapeleka wajukuu abebe barua ya wazazi wote wawili, yenye jina la meli, tarehe za kuondoka na kurudi, na ruhusa ya kuwatibu watoto wakiugua safarini.